Mshikamano wa Wamaya wa vijijini wakati wa majanga: je, ni hisani, ni mila, au ni uchumi kamili?

Shamba Darasa aliuliza:

Ndugu wanajukwaa,

Kazi yangu ni kuvisaidia vikundi vya kuweka na kukopa vijijini, na katika kazi hiyo nimevutiwa na namna jamii za Wamaya wa Guatemala na kusini mwa Meksiko zinavyojikimu kila zinapokumbwa na janga. Mfano ulionifanya nianze kusoma ni wa mwaka 2020. Serikali ya Guatemala ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 tarehe 13 Machi, na baada ya siku chache usafiri wa umma ulisimamishwa nchi nzima, masoko yakapangiwa saa, na baadaye safari za kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine zikapigwa marufuku. Kando ya barabara watu wakaanza kupeperusha vitambaa vyeupe, ishara ya kwamba nyumbani hakuna chakula. Serikali ilitoa ruzuku ya quetzal 1,000 (quetzal ni fedha ya nchi hiyo) kwa kaya, lakini mwanzoni iliwatambua wahitaji kwa kutazama ankara za umeme, hivyo aliyekuwa maskini kiasi cha kukosa hata mita ya umeme alijikuta nje ya orodha.

Wakati huohuo, katika nyanda za juu za magharibi, ambako wakazi wengi ni Wamaya na ambako umaskini ni mkubwa, kulikuwa na vijiji vilivyoweka vizuizi vyake barabarani, vikapanga zamu za ulinzi, vikarudia kubadilishana mazao bila fedha, na vingine vikatoa mboga kwa ajili ya watu wa mjini.

Ninachotaka kuelewa ni kitu gani hasa kinachoushikilia mshikamano huo. Je, ni dini na mila tu, ambazo mtu wa nje hawezi kuziiga? Au chini yake kuna mfumo wa kiuchumi wenye mali, kanuni na hesabu, ambao tunaweza kuuchunguza kama tunavyochunguza mfumo mwingine wowote? Naomba wenye kujua wanijibu kwa mifano ya mahali na miaka, kwa kuwa nimechoshwa na maandiko yanayowasifu Wamaya kana kwamba walizaliwa wakarimu kuliko binadamu wengine.

Mhasibu wa Kijiji alijibu:

Ndugu Shamba Darasa,

Nitaanza na jambo ambalo wasifiaji hao huliruka. Katika nyanda za juu za Guatemala, kusaidiana hakutegemei wema wa mtu. Ni wajibu wenye zamu, msimamizi na adhabu, na ndiyo maana hudumu hata pale majirani wasipopendana.

Chukua Totonicapán, mji wa Wak'iche', moja ya makabila ya Wamaya. Vitongoji vyake vimeunganishwa na chombo kinachoitwa Kantoni 48, ambacho si chama cha siasa wala tawi la halmashauri. Kila kaya, zamu yake ikifika, hutoa mtu wa kuitumikia jamii kwa mwaka mzima bila mshahara, na utumishi huo Wak'iche' huuita k'ax k'ol. Mtu anaweza kuchaguliwa kuwa kiongozi wa kitongoji, mjumbe wa kamati ya maji, msimamizi wa msitu, au mgambo wa kupeleka barua za wito na kulinda ofisi ya jamii. Migambo hao wamegawanywa katika makundi mawili, moja likishika nusu ya kwanza ya mwezi na jingine nusu ya pili, ili kila mmoja apate muda wa kurudi kwenye cherehani au shamba lake. Mbali na utumishi wa mwaka kuna siku za kazi ya pamoja, ambazo sisi tungeziita msaragambo: kupanda miche, kusafisha vyanzo vya maji, kukarabati njia. Kaya inayokwepa hutozwa, na ikiendelea kukaidi huhatarisha haki yake ya maji.

Sasa tazama kilicho chini ya wajibu huo. Totonicapán ina msitu wa jamii wa takriban hekta 21,000, na ndani yake mna chemchemi zaidi ya elfu moja. Maji yanayofika kwenye nyumba za vitongoji hutoka humo, kwa mabomba yaliyotandazwa na kutunzwa na wenyeji wenyewe. Kipato kinapokatika, kama kilivyokatika kwa wengi mwaka 2020, kaya hizo hazikatiwi maji na kampuni yoyote. Mchumi anayehesabu fedha taslimu tu ataiandika kaya ya namna hiyo kuwa maskini wa kutupwa, na kwa kanuni zake atakuwa sahihi, lakini atashindwa kueleza kwa nini haikuanguka katika mwezi wa kwanza wa janga.

Uwezo huo nchi nzima iliushuhudia mwaka 2023. Bernardo Arévalo aliposhinda uchaguzi wa rais, ofisi ya mwendesha mashtaka mkuu iliyaandama matokeo pamoja na chama chake, na tarehe 2 Oktoba viongozi wa Kantoni 48 pamoja na mamlaka nyingine za asili, za Sololá na kwingineko, waliitisha mgomo wa kitaifa. Barabara zilifungwa katika sehemu nyingi. Hata zilipofunguliwa, kambi iliyopigwa mbele ya ofisi hiyo katika mji mkuu iliendelea mpaka Arévalo alipoapishwa katikati ya Januari 2024, jumla ya siku 106. Wengi walishangaa jinsi wakulima na mafundi cherehani walivyoweza kukaa mjini muda wote huo, kumbe walikuwa wakipokezana. Kitongoji kimoja kiliondoka, kingine kikafika, na waliobaki nyumbani wakaendelea kushona na kuuza, huku wachuuzi wa masoko ya mji mkuu wakichangia vyakula. Hapakuwa na haja ya kubuni utaratibu mpya kwa ajili ya mgomo, kwa kuwa watu walikuwa wamezoea zamu tangu ujana wao.

Nguzo ya pili ni masoko, na hapa ningependa kuondoa picha ya kijiji kinachojitosheleza kwa kila kitu. Wamaya wa nyanda hizo ni wafanyabiashara wa tangu zamani, na kila mji una kazi yake. Momostenango wanafuma mablanketi ya sufu. Almolonga wanalima karoti, kabichi na vitunguu vinavyovuka mpaka hadi El Salvador na Meksiko. San Francisco El Alto kila Ijumaa hujaa nguo zilizoshonwa majumbani, na Chichicastenango hukutana Alhamisi na Jumapili. Aliyelima karoti hali karoti tupu. Huziuza apate mahindi kutoka bonde jingine. Kwa sababu hiyo, mabasi yaliposimama mwaka 2020, jeraha halikuwa dogo. Patzún, mji wa Wakaqchikel, kabila jingine la Wamaya, wanaolima brokoli na njegere za kusafirisha nje, ulizingirwa kabisa na vyombo vya usalama mwanzoni mwa Aprili, baada ya kugundulika mgonjwa ambaye hakujulikana alikoambukizwa, na wakulima wakabaki na mazao yasiyo na mnunuzi. Kule kubadilishana mazao unakokutaja kulikuwa kiraka kwenye soko lililokatwa. Wanaosema kwamba kubadilishana huko ni kurudi kwa mababu wanaandika ushairi.

Nguzo ya tatu utaifahamu bila maelezo marefu, kwa sababu unaisimamia. Guatemala nzima, mjini na vijijini, watu huchangishana katika kitu kinachoitwa cuchubal, ambacho ni upatu kwa kila hali: kiasi kilekile kila wiki au kila mwezi, mpokeaji mmoja kwa zamu, na mama mmoja anayeaminika akishika daftari. Tofauti yake na k'ax k'ol ni kwamba upatu unaweza kuvunjika mwezi mmoja watu wakikosa fedha, ilhali msitu hauvunjiki. Ukiniuliza ni kipi kinachoshikilia kingine, nitakuambia ni msitu.

Mti Mkavu alijibu:

Niruhusuni niwe mbishi.

Maelezo ya Mhasibu ni sahihi kwa Totonicapán, na hapo ndipo tatizo lilipo, kwa kuwa Totonicapán iko juu mno kwa kilimo cha kahawa. Mageuzi ya kiliberali yaliyoanza mwaka 1871 yalipofungua njia ya kunyakua ardhi za jamii kwa ajili ya mashamba makubwa, waliopoteza zaidi walikuwa wale wa miteremko ya chini na wa Alta Verapaz, ambako Waq'eqchi' waligeuzwa kuwa vibarua wa walowezi, wengi wao Wajerumani. Mshikamano wa mtu asiye na ardhi ni kitu kingine kabisa, na hatuwezi kupima jamii zote kwa kipimo cha jamii iliyobahatika kubaki na msitu wake.

Pili, msaada kutoka nje unaweza kuukaba uchumi huo badala ya kuuokoa. Tarehe 4 Februari 1976, saa tisa usiku, tetemeko la ukubwa wa 7.5 liliipiga Guatemala, likaua watu takriban 23,000 na kuwaacha zaidi ya milioni moja bila makazi. Waliokufa wengi walikuwa maskini, waliolala chini ya mapaa ya vigae vizito yaliyobebwa na kuta za matofali mabichi, na mkoa wa Chimaltenango wa Wakaqchikel uliharibiwa vibaya sana. Lakini mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa na mavuno yalikuwa mazuri, hivyo chakula kilikuwepo, ingawa kingine kilihitaji kuchimbuliwa kwenye vifusi. Alichohitaji mkulima ni kuuza sehemu ya mahindi yake apate fedha za kununulia mabati na misumari. Badala yake yakaja malori ya nafaka ya bure kutoka ng'ambo. Wakulima na viongozi wa ushirika walilalamika kwamba bei ilishuka wakati uleule walipohitaji kuuza, na kwamba watu waliacha kujengeana nyumba wakaenda kupanga foleni. Wataalamu walibishana baadaye kuhusu ukubwa wa mchango wa msaada huo katika kushuka kwa bei, lakini malalamiko yenyewe yalibadilisha fikra za mashirika kadhaa. Mradi ulioitwa Kuchuba'l, wa mashirika ya misaada ya Oxfam na World Neighbors, ulichagua njia nyingine: uliuza mabati kwa bei nafuu, ukawafundisha mafundi wa vijijini namna ya kufunga mihimili ya mshazari ili ukuta usianguke, na ukawaachia wenyewe kazi ya kujengeana.

Sasa fuatilia kilichowapata viongozi waliojitokeza katika ujenzi ule. Jeshi liliwatazama watu wa ushirika, makatekista na wahamasishaji wa kilimo kama mbegu za uasi, na wengi waliuawa katika miaka iliyofuata. Tume ya ukweli iliyotoa ripoti mwaka 1999 ilikadiria kwamba zaidi ya watu 200,000 waliuawa au kupotezwa katika vita vya ndani kati ya serikali na waasi, na kwamba miongoni mwa waathiriwa waliotambuliwa asilimia 83 walikuwa Wamaya. Kujipanga vizuri kulikuwa sababu ya kuuawa. Hilo halimo katika vitabu vya mafunzo ya ushirika, na sioni kwa nini lisiwemo.

Kuna jambo jingine baya kuliko hilo. Jeshi liliuelewa wajibu wa zamu vizuri kabisa, likaugeuza. Kuanzia mwaka 1981 wanaume wa vijijini walilazimishwa kuingia katika doria za kiraia, mamia ya maelfu yao, kila mmoja na siku yake ya kulinda, bila malipo, dhidi ya majirani zake mwenyewe. Utaratibu ulikuwa uleule wa zamu na adhabu, isipokuwa amri ilitoka kambini. Vilevile, jamii yenye nguvu ya kumwajibisha mtu ina nguvu ya kumfukuza: huko San Juan Chamula, katika jimbo la Chiapas kusini mwa Meksiko, maelfu ya Watzotzil, nao ni Wamaya, walifukuzwa vijijini mwao tangu miaka ya 1970, wengi kwa sababu waligeukia Uprotestanti na kukataa kuchangia sherehe za jamii.

Ili nisionekane mpinzani tu, nitautaja mfano mmoja ambao sina la kuutoa kasoro. Baada ya jeshi kuchoma vijiji na mashamba kati ya mwaka 1981 na 1983, maelfu ya watu hawakukimbilia Meksiko wala hawakujisalimisha. Walijificha katika misitu ya Ixcán na milima ya Waixil karibu miaka kumi, wakijiita Jamii za Wananchi katika Upinzani. Walilima kwa pamoja vipande vidogo vilivyotawanywa ili ndege zisiviharibu vyote kwa mara moja. Walipika kabla ya mapambazuko ili moshi usiwafichue, na mchana walikula kilichopoa. Pale askari walipong'oa mahindi, walikula mizizi na majani ya porini, na chumvi ikawa bidhaa ya kuhatarishia maisha. Huo ulikuwa uchumi kamili usio na fedha, wenye mgawanyo wa kazi, walimu na wahudumu wa afya wake. Vita vilipokwisha, baadhi ya jamii hizo ziligawana mashamba kila mtu na chake. Hatari iliyowaunganisha ilikuwa imeondoka, na wengi wao walikuwa wamechoka.

Pwani Kusini alijibu:

Nitaongeza upande wa Meksiko, hasa rasi ya Yucatán, kwa sababu huko hakuna milima wala chombo kama Kantoni 48, na bado jambo unalolitafuta lipo.

Tangu mji wa kitalii wa Cancún uanze kujengwa miaka ya 1970, vijana wa vijiji vya Wamaya wa Yucatán na Quintana Roo wamekuwa wakienda huko kubeba zege, kutandika vitanda na kuosha vyombo, wakirudi nyumbani mwisho wa wiki au kila baada ya wiki mbili. Hoteli zilipofungwa mwaka 2020, walirudi wote kwa pamoja, mifuko mitupu. Kilichowapokea ni milpa, yaani shamba la mahindi yaliyochanganywa na maharage na maboga, linalofyekwa na kuchomwa kabla ya mvua na kupandwa mvua zinapoanza. Walifika wakati mashamba yakiandaliwa. Aliyekuwa mhudumu wa baa alishika panga karibu na baba yake, na wazee wakapata mikono waliyoikosa kwa miaka mingi.

Hata hivyo, nisingependa kuipamba habari hii. Mwanzoni mwa Juni dhoruba ya Cristóbal iliinyeshea rasi kwa siku mfululizo, na mashamba mengi yaliyokuwa yamechipua yakazama. Oktoba zikaja Gamma, Delta na Zeta. Familia zilizokuwa zimerudi kwenye kilimo kwa kukosa ajira zilipoteza kilimo chenyewe ndani ya mwaka huohuo.

Ndipo tunapofika kwenye kitu ambacho mimi nakiona muhimu kuliko chakula chenyewe, nacho ni mbegu. Septemba 2002 kimbunga Isidore kiliharibu mavuno ya Yucatán kiasi kwamba wakulima wengi walibaki bila mbegu zao za asili, na duka la pembejeo halina mbadala wake, kwa kuwa mahindi ya maduka hayakuzaliwa kwa ajili ya udongo ule mwembamba juu ya mawe ya chokaa. Baada ya hapo wakulima, pamoja na mashirika na watafiti waliokuwa wakishirikiana nao, walianzisha maonyesho ya mbegu yanayofanyika kabla ya msimu wa kupanda. Mkulima huja na magunzi yake yaliyofungwa kwa maganda, meupe, ya njano, mekundu na ya zambarau. Kando yake kuna mafungu ya fiwi na ya mbegu za maboga, na kuna xpéelon, ambayo si kitu kingine ila kunde, zao lililosafiri kutoka Afrika yetu hadi kwenye vibanda vya Kimaya. Wengine huuza, wengine hubadilishana kibaba kwa kibaba, na muhimu zaidi, kila mmoja anajifunza nani katika kijiji gani anayo aina ipi. Ipo aina fupi inayokomaa kwa takriban miezi miwili, ambayo huzaa kidogo lakini huwahi kuzaa kabla ya vimbunga, na zipo aina ndefu zinazochukua karibu mara mbili ya muda huo na kuhifadhika vizuri zaidi. Mkulima mwenye busara hupanda zote mbili. Anayepoteza moja humwendea mwenzake ambaye kimbunga hakikupita kwake.

Msingi wa yote haya ni ardhi ya ejido, inayomilikiwa kwa pamoja na kusimamiwa na mkutano wa wanavijiji, ambayo ilitokana na mageuzi ya ardhi ya Meksiko baada ya mapinduzi. Tangu katiba ibadilishwe mwaka 1992, ardhi hiyo inaweza kugawanywa na hatimaye kuuzwa, na karibu na pwani ya kitalii wanunuzi hawakosekani. Kijana aliyerudi mwaka 2020 alikuta shamba kwa sababu mkutano wa kijiji chake ulikuwa haujauza.

Kahawa Chungu alijibu:

Kwa kuwa nimetoka katika familia ya wakulima wa kahawa, nitagusa kipande hicho tu. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukidhibiti mauzo ya kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka, na maumivu yalifika Kagera na Kilimanjaro kama yalivyofika Chiapas. Kule Chiapas shirika la serikali lililokuwa likinunua kahawa ya wakulima wadogo nalo lilijiondoa miaka hiyohiyo, na nafasi yake ikajazwa na walanguzi.

Mfano wa kuuangalia ni Chenalhó, eneo la Watzotzil. Tarehe 22 Desemba 1997, wanamgambo waliwaua watu 45 waliokuwa katika maombi kijijini Acteal, wengi wao wanawake na watoto, wote wa kikundi cha Wakristo wasiotumia silaha kiitwacho Las Abejas. Desemba ni msimu wa kuchuma kahawa. Maelfu walikuwa wamekimbia makazi yao huku kahawa ikiivia mitini na nyingine ikichumwa na waliowafukuza. Mwaka 1999 wanachama wa kikundi hicho walianzisha ushirika wa Maya Vinic, ukakusanya kahawa yao, ukaisajili kama kahawa hai, yaani iliyolimwa bila kemikali za viwandani, na ukaiuza moja kwa moja nje ya nchi kwa wanunuzi wa biashara ya haki. Ushirika huo ulijengwa na watu waliokuwa wameshapoteza karibu kila kitu isipokuwa mibuni na imani ya kundi lao, na haukungoja hali itulie.

Shamba Darasa aliandika tena:

Nawashukuru nyote, na Mti Mkavu kwa namna ya pekee, maana nilihitaji kupingwa. Limebaki jambo moja. Leo hii kaya nyingi za huko zinaishi kwa fedha zinazotumwa na ndugu walioko Marekani. Mtu akiwa anafanya kibarua cha ujenzi huko ng'ambo, zamu yake ya k'ax k'ol anaifanyaje? Na je, fedha hizo si ndizo mshikamano wa kweli siku hizi, kuliko msitu na mbegu?

Mhasibu wa Kijiji alijibu:

Fedha hizo ni nyingi mno kuzipuuza. Mwaka 2024 Guatemala ilipokea zaidi ya dola bilioni 21, kiasi kinachokaribia sehemu moja ya tano ya pato la taifa. Mwaka 2020 kila mtu alitabiri kwamba zingekauka. Aprili zilishuka, kisha zikapanda, na mwaka ukafungwa kwa dola bilioni 11.3, zaidi ya mwaka uliotangulia. Waliotuma ni wapishi, watunza bustani na wafanyakazi wa viwanda vya nyama, na wengi wao hawakuwa na haki ya kupata ruzuku ya serikali ya huko.

Kuhusu zamu, jamii nyingi hazimsamehi aliye mbali. Jina lake likichaguliwa, ama anarudi, ama ndugu yake anatumikia kwa niaba yake, ama analipa mtu. Hili la mwisho ndilo linalobishaniwa mikutanoni, kwa sababu linaunda tabaka la wanaotumikia kwa malipo na tabaka la wasioijua njia ya msituni. Wapo wanaoliona kama marekebisho ya lazima. Mimi naliona kuwa hatari, ingawa sina mbadala wa kupendekeza. Fedha hizo pia zimepandisha bei ya viwanja, na safari yenyewe hugharimiwa kwa mkopo ambao dhamana yake mara nyingi ni hati ya shamba. Kijana akikamatwa na kurudishwa kabla ya kumaliza deni, familia inapoteza shamba.

Lakini usizipambanishe na msitu, kwa kuwa kila kimoja kinakinga janga la aina yake. Msitu, mbegu na zamu hukinga pale janga linapompiga mmoja na kumwacha mwenzake, au linapokata fedha na kuacha ardhi. Tarehe 5 Novemba 2020, mvua za kimbunga Eta ziliuangusha mlima juu ya kijiji cha Quejá, cha Wapoqomchi', mkoani Alta Verapaz. Makumi ya watu walifukiwa, utafutaji ukasitishwa, na wengi wakabaki humo. Majirani waliwapokea walionusurika, wakawapa mahindi na nguo, lakini wiki mbili baadaye kimbunga Iota kikayapiga maeneo yaleyale, majirani nao wakawa wahitaji. Pale ambapo wote wameanguka kwa pamoja, anayeweza kusaidia ni yule asiyekuwepo, awe ni ndugu aliyeko ng'ambo au ni serikali. Kwa vikundi vyako, basi, ningeuliza kwanza ni wanachama wangapi wanategemea mvua moja na zao moja, kabla ya kuuliza wameweka akiba kiasi gani.